Jenereta la Bi Raya

Bi Raya hakuuza hedifoni za marubani kwa maneno matupu. Kila mteja alimkalisha uani, kando ya jenereta kuukuu linalonguruma kama ndege, ajaribu mwenyewe.

Kapteni Ngwali, mzee wa ndege za mizigo, alifumba macho, akavaa ya kwanza, akabonyeza kitufe cha kuzima kelele. Ngurumo palepale. Akavaa ya pili. Akaomba ile ya bei mbaya inayofungiwa kabatini. Wapi!

"Bandia zote hizi, Bi Raya!" alifoka akiivua. "Kelele haikatiki hata chembe!"

Bi Raya alimtazama kwanza, kisha akalitazama jenereta.

"Kelele gani tena, Kapteni? Hili limezimika tangu ulipovaa ile ya pili. Mafuta yamekwisha."

Ngwali alinyoosha mkono, akaligusa. Halikutetemeka. Kuku alikuwa amesharudi kudonoa chini yake. Lakini masikioni mwake ngurumo ilikuwa ileile, haijapungua.

"Kapteni, wakubwa zako kazini wanajua?"

Ngwali aliichukua tena ile ya kabatini, akaivaa, akafumba macho. Akabonyeza kitufe. Akangoja. Akabonyeza tena.