Hatua za Varkey

Siku Ouseph aliposikia kwamba adui yake Varkey naye amepigwa na kiharusi, aliomba akalishwe kitini.

Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu arudi kutoka hospitali kule Kottayam. Wiki tano alikuwa akiutazama ukuta, mkono na mguu wa kulia vimelala kama vya mtu mwingine, mkewe Mariamma akimlisha uji wa mchele kwa kijiko. Sheeja, nesi wa kijiji aliyekuja kila Ijumaa na pikipiki yake, alikuwa amembembeleza, amemkemea, hata padri amemletea. Wapi!

"Hali yake ikoje?" Ouseph aliuliza, maneno mazito kama ya mlevi.

"Kama yako, baba," Sheeja alijibu, akitafuta kitu mkobani. "Ila yeye ameshaanza kukaa."

Ouseph na Varkey walikuwa hawasemeshani mwaka wa thelathini na moja huu, tangu walipogombania mpaka wa mashamba yao ya mpira. Mmoja akinunua mbuzi, mwenzake hununua wawili.

Ijumaa iliyofuata, Sheeja alileta habari kwamba Varkey amesimama. Ouseph akasimama, Mariamma kamshika kiunoni. Varkey akafika mlangoni kwake. Ouseph akaupita mlango wake, akafika kisimani. Varkey akafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Hilo lilimchukua Ouseph siku tisa na matusi mengi. Alianguka uani mara mbili. Mara ya pili alilia, kisha akamuuliza Mariamma kama Varkey naye huanguka. Mariamma akasema hajui, ila kanisani hajaonekana tangu mvua zianze.

Mwezi wa saba tangu aombe kiti, Sheeja akasema Varkey ametembea hadi duka la mchele wa serikali.

"Yule? Na tumbo lile?"

"Ndivyo ilivyo, baba."

Ouseph hakuamini. Kesho yake asubuhi alichukua mkongojo, akakataa kusindikizwa, akaenda kujionea. Nyumba ya Varkey iko nyuma ya kilima. Kilima kile, ambacho zamani alikipanda huku anapiga mluzi, kilimla saa nzima. Alipumzika mara sita. Alipolifikia geti, shati limelowa na goti linacheza, lakini moyoni anachekelea: amekuja kwa miguu yake, na atamkuta mwenzake kitandani.

Varkey alikuwa juu ya ngazi, juu kabisa, akichuma pilipili manga kwa mikono miwili.

Ouseph alisimama palepale. Thresia, mke wa Varkey, alimletea kiti bila kuonyesha mshangao wowote.

"Hajaugua hata mafua," alisema. "Nesi alikuja kuomba jina lake tu, alitumie. Mume wangu akasema jina peke yake halitoshi. Ukisikia ameonekana barabarani, utarudi kulala. Miezi saba sasa hajavuka geti hili."

Varkey aliendelea kuchuma, mgongo amewapa.

"Mwambie," akamwambia mkewe, "kesho mimi nafika mtoni."