Mwenye Gari Anakuja

Akonkwa alikuwa amelala chali chini ya pickup, akitafuta pa kupitishia waya wa kamera ya nyuma, vidole vyake vilipogusa fundo. Akawasha tochi ya simu. Waya za taa za remoki, ile iliyofungwa nyuma ya gari kwa kubebea mizigo, zilikuwa zimezungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mara tatu, fundo limegeuzwa juu. Katika Goma nzima alimjua fundi mmoja tu anayefunga hivyo. Ni yeye mwenyewe.

Alizima tochi. Kisha akachukua bisibisi na kukwangua kidogo nyuma ya bampa. Chini ya rangi ya kijivu palitokea nyeupe.

Pickup nyeupe ya marehemu Nsanzimana, muuza maharagwe wa mtaa wa Mapendo, mtu aliyekuwa rafiki yake. Iliibwa nyumbani kwake, gari na remoki yake, siku mbili baada ya kuondoa matanga. Familia ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba Hitimana, mdogo wa marehemu, ndiye ataichukua, imsaidie kulea watoto wa kaka yake. Asubuhi ile majirani walimkuta Emerance, mjane, amekaa mlangoni analia, kufuli lililokatwa liko mkononi.

Miezi minane sasa.

"Fundi, kuna shida?" aliuliza mtu aliyeileta gari. Alijitaja kwa jina la Baharanyi, mwanaume wa miaka arobaini na kitu. Tangu saa tatu hakuwa ameachana na gari hiyo, hata kwenda kunywa chai.

"Hakuna, papa. Waya tu ndizo nyingi." Akonkwa alitoka chini, akajipangusa mikono. "Gari ni yako?"

"Ni ya mutu."

"Mutu gani?"

"Mwenyewe anakuja kuangalia kazi."

"Na carte rose, karatasi ya gari, iko?"

"Mwenyewe ndiye anaibeba."

Akonkwa akachukua kamera ya pili, akaigeuzageuza. "Wengine wanaweka moja tu. Ninyi munataka mbili za nini?"

"Moja kwa gari, moja kwa mukia wa remoki. Mwenyewe anataka aone nyuma vizuri." Baharanyi alitupa jicho barabarani. "Hataki kitu kimushtue."

Mtu asiyetaka kushtuliwa kutoka nyuma, Akonkwa aliwaza, ni mtu anayejua kwamba anatafutwa.

Alikwenda nyuma ya kibanda chake, kama anayetafuta misumari. Alijaribu kwanza simu ya Emerance. Namba ile haikuwa inapatikana tena, na aliona haya: tangu mazishi hakuwa amekwenda kumsalimia hata mara moja. Akampigia Hitimana, ambaye namba yake aliiandika siku ile ile ya mazishi.

"Gari ya kaka yako iko hapa kwangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Uko na hakika?"

"Ni mimi niliifunga waya."

"Usiiachilie itoke. Niko mjini, nakuja na polisi. Ungali Mapendo?"

"Nilihamia Murara."

"Murara siijui vizuri. Nikifika nitakupigia, unielekeze."

"Sawa, papa. Na watoto wanaendelea aje?"

"Watoto gani?" Hitimana aliuliza. "Ah. Wako kwa mama yao. Niambie, gari haijaharibika?"

Akonkwa alirudi kazini, na kazi ya saa moja akaivuta ikawa ya saa mbili. Alitoboa tundu moja, akalipima mara nne. Alivuta waya kwenye chasisi yote mpaka mwisho wa remoki, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Mbona unaangalia simu kila mara?" Baharanyi aliuliza.

"Mke wangu anaumwa," Akonkwa alijibu, na mara moja akajuta kumtaja mke wake kwenye uongo.

Mwishowe hapakubaki cha kufanya ila kujaribu. Alipanda kwenye kiti cha dereva, akatia gia ya nyuma. Skrini ndogo juu ya dashibodi ikawaka, imegawanyika mara mbili: upande mmoja remoki, upande wa pili uwanja na mlango wa kuingilia. Picha ilikuwa safi, hata mawe meusi ya volkano yalionekana moja moja.

Pikipiki ilisimama pale mlangoni. Mwanamke mfupi akashuka, amebeba mfuko. Alikuwa Emerance.

Basi Hitimana alimwambia, Akonkwa aliwaza, na moyo ukamlainika. Amekuja kuona mali ya mume wake. Kisha hofu ikamshika, kwa kuwa Baharanyi sasa atakimbia.

Baharanyi hakukimbia. Kwenye skrini alimwendea yule mwanamke na kumpokea mfuko kwa mikono miwili.

"Imekwisha, mama," alisema.

Emerance alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akasimama. Ufunguo wa pili wa gari ulikuwa mkononi mwake.

"Papa Akonkwa," alisema polepole. "Sikujua kama ulihamia huku."

Akonkwa aliutazama ufunguo ule.

"Remoki inanishinda kurudisha nyuma," Emerance aliendelea, macho kwenye skrini. "Ndugu za mume wangu walikwisha kubeba vitanda na mashine ya kushona. Hii tu ndiyo niliwahi kuificha."

Simu ikalia.

"Fundi, tuko Murara, niko na polisi wawili. Tuingie wapi?"

Akonkwa alishuka, akamwachia Emerance kiti.

"Mumechelewa, papa," alisema kwenye simu. "Imetoka sasa hivi. Imeteremka Himbi, njia ya ziwa. Mukimbie."