Asilimia Kumi na Moja

Siku hizi mashine ya jikoni ndiyo hupanga protini ya kila mtu, na ni marufuku kujipakulia. Mimi kazini hupanga ya ng'ombe wa kunenepeshwa. Ng'ombe akibakiza mwezi mmoja kwenda machinjioni, namshusha kutoka asilimia kumi na nne hadi kumi na moja, maana hakui tena. Kumwongezea mashudu yenye protini ni hasara.

Jana mume wangu alipokea sahani yake, maharage hayazidi kijiko.

"Mama Nyemo, nimeshushwa hadi kumi na moja," akasema akicheka. "Labda wameona nimenenepa."

Nikamsogezea maharage yangu.

Kioo cha mashine kikawaka neno moja, lile lile ninaloliandika kazini: hasara.