Stika ya Buluu

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, kioo kiliandika mistari minne ya makosa, kikaganda. Andrea akaizima kompyuta, akaiwasha tena, akapewa mistari ile ile.

Saa tano mwenyewe angefika kuichukua. Mwenyewe ni Esta, mjane wa katekista Damiani, na juzi alipoileta dukani hapo Itigi hakuomba makubwa.

"Inachelewa kufunguka, mwanangu. Jioni nataka kumsikia mzee, nikingoja iwake usingizi unanichukua. Kule kwetu fundi yupo, ila marehemu aliniambia ikisumbua niilete kwako tu."

Andrea alivimba kichwa kidogo. Nani hapendi kusifiwa, hata na marehemu?

Kumsikia mzee kulikuwa kusikiliza rekodi. Kabla hajafa, Damiani alikaa mbele ya kompyuta hiyo wiki nzima akisimulia ujana wake kwa Kinyaturu, akikohoa, akinywa maji, akiendelea. Sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote.

Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na Andrea aliijua dawa yake. Programu za mfumo huo huchukuliwa kwenye maghala ya mtandaoni. Lipo ghala la kawaida, ambalo programu zake zinakubali prosesa yoyote, ule ubongo wa kompyuta, iwe mpya au kuukuu. Na lipo ghala la programu zilizotengenezwa kwa ajili ya prosesa mpya tu, nazo hukimbia zaidi. Usoni mwa kasha palikuwa na stika ya buluu inayong'aa: prosesa ya kizazi kipya, ile yenye nguvu. Akahamia ghala la haraka, akabadilisha programu zote, akawasha upya. Mistari minne ikaanza.

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kwa prosesa kama hiyo, alijiambia, programu haziwezi kuwa na tatizo, basi mgonjwa ni diski. Akanakili kabrasha la nyaraka na la picha, akaifuta diski yote, akaanza upya kwa ghala lile lile la haraka.

Sasa alivuta droo, akasukuma pembeni bahasha ya kaki iliyojaa vumbi, akapata bisibisi. Alifungua kasha, akaondoa feni, akafuta uso wa prosesa kwa kidole, akasoma maandishi. Akasoma tena. Prosesa ilikuwa na umri mkubwa kuliko duka lake. Isingeziweza programu zile hata kwa maombi, na diski haikuwa na ugonjwa wowote.

Angeweza kuiuliza kompyuta yenyewe kabla hajagusa kitu. Ni amri moja, sekunde mbili. Yeye aliamini stika.

Mchezo huo aliujua. Kila muuza kompyuta za mtumba wa miaka ile ya nyuma aliujua. Unabandua stika kwenye mashine nzuri iliyokufa, unaibandika kwenye kuukuu iliyo hai, na mteja anaondoka akitabasamu.

Akapekua alivyonakili. Barua za parokia, picha za kipaimara. Sauti hakuna. Mzee alikuwa ameziweka rekodi kwenye kabrasha lake mwenyewe, pembeni, na pembeni hapo Andrea hakuangalia. Akajaribu programu ya kufufua vilivyofutwa, ikazunguka nusu saa, ikarudi mikono mitupu.

Esta aliingia na chupa ya asali, akaketi kwenye benchi, upande usiofikiwa na jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imepona?"

Alimweleza yote amesimama, bila kuficha. Esta alisikiliza huku ameishika chupa kwa mikono miwili.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Hata ile anayoacha kusimulia, ananiita nikafukuze kuku?"

"Hata hiyo."

Esta akatikisa kichwa taratibu, akaipangusa chupa kwa kiganja. Andrea alitamani apige kelele, amtukane, avunje kitu. Upole ule ulimuumiza, na maumivu yake yakatafuta pa kwenda, yakageuka hasira.

"Mama, kosa la kufuta ni langu, silikatai. Lakini kuna mtu aliyeanzisha haya. Hii stika ni ya uongo. Aliyewauzia mashine hii ni tapeli, na bila yeye mzee angekuwa anaongea mpaka leo. Nitajie jina lake. Nitampeleka polisi mimi mwenyewe, leo hii."

Esta alimtazama kwa mshangao. Akaweka chupa ya asali juu ya meza, akainuka, akaifuta stika vumbi kwa ncha ya khanga, taratibu, kama alivyozoea kuifuta nyumbani.

"Mwanangu, kumbe umetusahau. Tulikuja na mzee, wewe ukiwa kijana mwembamba, duka halina hata dari. Ulikuwa unatusafishia hii kompyuta uliyotuuzia. Ukatoa hiki kikaratasi kwenye bahasha ya kaki, ukakibandika hapa, ukakikandamiza kwa kidole gumba. Mzee akasema, huyu kijana anaipenda kazi yake, ikisumbua tuilete kwake tu."