Asumini ya Baba

Kila anayekwenda kufanya kazi mwezini huoteshewa nyumbani asumini kwa damu yake, nayo huchanua maadamu yu hai. Ya Baba ilimaliza siku tisa bila ua. Mimi Sifa, bingwa wa vituko bwenini, niliyekuwa nyumbani likizo, nikafunga maua ya karatasi juu kabisa, Bibi ayagundue acheke.

Akapiga kigelegele. "Mwanangu mzima! Sifa, waite majirani!"

"Bibi, mimi ndiye…"

"Kimbia, we mtoto!"

Walikuja, wakayatazama kutoka chini, wakashangilia. Bibi, aliyekuwa hagusi chakula, akaomba kipande cha pili cha mkate wa kumimina. Nikamkatia.

Sasa kila asubuhi naimwagilia, natafuta tumba, kisha, uso ukiniwaka kwa aibu, nabadilisha karatasi zilizolowa umande.

"Yamechanua, mjukuu wangu?"

"Yamechanua, Bibi."