Bodi Moja, Magonjwa Matatu

Fundi alisema uongo mara tatu kabla ya chai ya asubuhi, na kila uongo aliukata kwa kipimo cha atakayeuvaa.

Wa kwanza alimpa mkewe, aliyekuwa akihangaika kutafuta pa kuweka vikombe. Meza ya chakula ilikuwa imejaa bodi za chipu za mashine za michezo, mashine zile za zamani zinazosimama kama kabati na kumeza sarafu.

"Ile mashine ya ukumbi wa michezo nimeshaijua," alimnong'oneza. "Kristali imekufa, kile kibati kinachoipa bodi mapigo. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, sahani?" Mkewe aliweka birika juu ya kiti. "Na hii meza yetu itapona lini?"

Wa pili ulikwenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyelala sebuleni katikati ya makasha ya vipuri.

"Shemeji, siri yako. Ile mashine, chipu ya kumbukumbu ndiyo iliyokufa."

"Basi mnafanana, shemeji. Uliahidi kunitolea makasha haya tangu nilipokuja."

Wa tatu ulimpa taabu. Alimkuta mama yake jikoni, akaona haya. Lakini fundi hapimi kile anachokishuku tu; hupima na kizima, apate hakika.

"Mama, nimegundua. Chipu ya sauti ndiyo iliyoungua."

"Pole, mwanangu. Na kazi hii ikikuponyoka, kweli utafunga?"

"Si niliapa mbele yenu wote? Nikiikosa kazi ya ukumbi huu, nafunga karakana. Nakwenda kukaa dukani kwa baba mdogo, nipime misumari mpaka nizeeke."

"Mungu ni mwema," mama alisema, akamimina chai.

Fundi hakuwa mwongo kwa tabia. Wateja walimwita Pua, kwa kuwa kabla ya kushika mita ya kupimia umeme huinamia bodi akainusa, kisha hupitisha kidole juu ya chipu, moja moja, akitafuta yenye joto la homa. Mkono wake haukuwa na shida. Shida ilikuwa Tayari, fundi wa mtaa wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Pua akishapima mashine ya mtu, hurudi nyumbani kutafuta kipuri, na mezani hueleza alichokiona. Akirudi kwa mteja, anaikuta mashine inaimba na Tayari ananawa mikono.

Mtu haoti kipuri usingizini. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema ni nguo ipi, lakini Pua alikuwa na yake aliyoishuku: shemeji. Huyu alikuwa akitazama mpira na Tayari, na wote wawili walishangilia timu moja.

Ndiyo maana akagawa magonjwa matatu. Kipuri atakachokuja nacho Tayari ndicho kitakachosema.

Ugonjwa wenyewe hakumwambia mtu. Betri ya zamani ilikuwa imevuja, na maji yake makali yakala njia moja ya shaba, nyembamba kama unywele, chini ya soketi inayoshika chipu, mahali ambapo hata mwenye macho mazima hupita bila kusalimia.

Kesho yake aliwahi ukumbini. Mwenye ukumbi, mama wa funguo nyingi na maneno machache, alikuwa amekwishasema: atakayeiamsha mashine hiyo ndiye atakayetunza zote. Pua alifungua kabati, akakwangua kutu ya kijani, akaunga waya mwembamba pale shaba ilipokatika. Akawasha.

Kwanza kioo kilitapika rangi. Kisha rangi zikajipanga, kidege kikaruka, na muziki ukajaa ukumbi.

"Haya," alisema mwenye ukumbi. "Wagonjwa wote ni wako." Akaenda zake, funguo zikimlilia kiunoni.

Mtu mwingine angeondoka akipiga mluzi. Pua alivuta kigoda akakaa.

Haukupita muda Tayari akaingia na mkoba wake. Aliusikia muziki, akasimama mlangoni.

"Ah! Leo umenifunga, Pua."

"Mechi imekwisha, ndugu yangu. Nionyeshe tu ulikuja na nini."

Tayari akacheka, hana hata chembe ya aibu. "Ya nini kuficha sasa?" Akatia mkono mkobani, akaweka juu ya mashine chipu ya kumbukumbu, mpya, miguu yake ikimeta.

Shemeji. Pua aliumia, halafu akashangaa kuona maumivu yenyewe yana nafuu ndani yake. Angalau amejua, na ni mmoja. Leo leo yule bwana atakunja godoro. Mke atalia, maana damu ni damu, na mama atamtuliza. Kisha watakaa mezani watu watatu, na ataweza tena kusema mambo yake bila kupima maneno. Hata meza ataisafisha.

Akainuka, akafunga sanduku lake la vifaa.

"Ngoja, mbona una haraka?" Tayari alikuwa bado amezamisha mkono mkobani. Akatoa kristali, akaiweka kando ya chipu.

Pua akarudi kukaa kigodani.

"Safari hii watu wako wamenivuruga," alisema Tayari, sasa akijipapasa mfuko wa shati. "Kila mmoja na ugonjwa wake. Shemeji yako hiki, mkeo kile, nikaona bora nibebe vyote." Akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na chipu ya sauti. "Ila mama yako alikuja mwenyewe mpaka kwangu, na miguu yake ile mibovu, akanisihi nianze na hii."