Deki ya Tatu

"Ukungu," alisema Bwana Jicho kabla hata hajakaa vizuri kitini. "Ukungu mtupu. Duka lenu limeniletea deki au birika la maji ya moto?"

Fundi wa duka, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa amesimama kando ya mlango na bisibisi mkononi. "Bosi, ngoja kwanza, mimi bado..."

"Nyamaza. Nikiwa kazini siongeleshwi."

Bwana Jicho haambiliki, na mtaa mzima unajua. Jina hilo lilimganda tangu aanze kuandika safu yake gazetini, kila Jumamosi, akiwaambia watu deki ipi inafaa kwa sinema ya nyumbani na ipi ikatupwe jalalani. Chumba cha binti yake aliyeolewa alikigeuza ukumbi wa hukumu: kuta nyeusi, projekta darini, na mbele ya kiti kitambaa cheupe cha ukuta mzima, kilichoziba hata dirisha. Miezi ya karibuni hakuna deki iliyotoka humo salama. Mbili za duka hili zilichinjwa jana, moja baada ya nyingine.

Asubuhi hiyo mhariri alikuwa amempigia simu. Wasomaji wamelalamika, alisema. Deki ambazo Bwana Jicho alizitukana mwezi uliopita wameziona kwa majirani zao, na picha ni safi ajabu. "Ukikosea na hii ya leo, mzee, safu nampa mtu mwingine."

Bwana Jicho alisonya mpaka simu ikakatika. Wasomaji gani? Watu wanaotazama mpira kwenye simu iliyopasuka kioo ndio wanamfundisha picha? Na huyo mhariri mwenyewe, gazeti lake siku hizi analichapisha kwa masizi, herufi hazisomeki. Hata mkewe naye jana alijitia utaalamu, eti labda ni kitambaa kimeshika vumbi. Miaka thelathini anashona magauni ya watu, leo ghafla anajua sinema.

Basi akaegemea, akakunja nne, akaikodolea macho picha iliyong'aa mbele yake gizani.

Bila shaka ilikuwa moja ya zile video za maonyesho wanazoweka madukani, zisizo na kichwa wala miguu. Ua wa nyumba. Kamba ya nguo. Mwanamke anageuza shuka jeupe lililoanikwa, kubwa kupita kiasi, anahangaika nalo peke yake, upande mmoja ukipanda wa pili unateleza.

"Rangi zimepauka. Hebu tazama hiyo ndoo. Ni ya njano? Ni ya kijani? Na mwanamke hana pua. Umeona pua hapo wewe?"

"Naiona, bosi. Ila huyo si..."

"Huoni kitu. Unajua watu wana pua, basi unadhani umeiona. Mimi natazama kilichopo."

Fundi alijikuna kidevu kwa bisibisi. "Bosi, nipe dakika moja tu nikueleze. Tajiri wangu kasema ukiikataa na hii, mzigo wote unarudishwa na mimi narudi nyumbani."

"Ndiyo hayo. Mkishindwa kuleta picha mnaleta machozi."

Lakini hakuwa mtu wa kuonea, alijiambia, na penye sifa alisifu. Sauti ilikuwa nzuri. Kibanio cha nguo kilipoanguka chini kililia kama kipo hapo nje, na ndege aliyeimba upande wa kushoto ungeapa yuko kwenye mti wao wenyewe. Na mashine ilikuwa kimya kabisa. Ile ya jana ilinguruma kama kinu cha kusaga nafaka.

"Sauti nimeikubali," alisema. "Lakini nani ananunua deki asikilize ndege?"

Mwanamke aliinama kuokota kibanio, akabaki hivyo kidogo, mkono kiunoni.

"Na huyu mwigizaji walimwokota wapi? Anatembea kama kabebeshwa gunia. Tazama anavyoshika kiuno. Mtu akitaka kuigiza kuchoka, kwanza aijue kazi."

Fundi alitia bisibisi mfukoni, akakunja mikono kifuani. Bwana Jicho akaona kuwa hatimaye amepata mtu mwenye adabu.

Akatoa simu, akaisogeza mdomoni, akamrekodia mhariri hukumu yake. "Andika hivi. Deki ya tatu ni takataka kuliko wenzake wawili. Picha ina ukungu, rangi zimekufa, watu hawana sura. Nimeitazama kwa macho yangu mwenyewe na jina langu naliweka hapo. Yeyote atakayeisifu akapimwe macho." Akautuma ujumbe, akajisikia mwepesi. Safu ilikuwa yake bado.

Mle pichani mwanamke alilishusha shuka kambani, akalikunja mara mbili, akalitupia begani na kuja moja kwa moja mbele. Alikua, akakua, mpaka akaijaza picha yote, na bado hakuwa na pua. Kisha akagonga kioo kwa kidole, akakisukuma kando, na harufu ya sabuni ikaingia chumbani pamoja na joto la mchana.

"Fundi, pokea kitambaa chenu cha ukutani, nimekifua na kimeshakauka," alisema mke wa Bwana Jicho. "Kitundike, halafu uitoe na hiyo deki kwenye boksi. Mwenyewe ana hamu ya kuiona."